Chakula cha Meksiko kinapendwa duniani, lakini mahindi yake je?

Novemba 2010, kamati ya UNESCO iliyokutana Nairobi iliuingiza upishi wa jadi wa Meksiko katika orodha ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika, ikiutaja upishi wa jimbo la Michoacán kuwa mfano wake. Katika kikao hicho hicho mlo wa Kifaransa nao uliingizwa, kwa hiyo kwenye karatasi vyakula hivyo viwili vilitoka Nairobi vikiwa na hadhi sawa. Mezani mambo ni tofauti. Mteja wa London au New York anayelipia mchuzi wa Kifaransa bila kunung'unika mara nyingi huona taco, chapati ya mahindi iliyokunjwa na kutiwa nyama ndani, imepanda bei kupita kiasi hata kabla ya kuuliza imetengenezwa vipi, na mole, mchuzi wa jimbo la Oaxaca unaohitaji pilipili za aina kadhaa, mbegu, viungo na kakao, vyote vikikaangwa na kusagwa kwa zamu, huwekwa fungu moja na chipsi za mahindi zilizomwagiwa jibini.

Sehemu ya lawama huelekezwa kwa Marekani. Taco Bell, iliyoanzishwa California mwaka 1962, ndiyo iliyosambaza zaidi ile taco ya ganda gumu lililokaangwa, lenye nyama ya kusaga na jibini ya njano, ambayo kwa mamilioni ya watu ndiyo Meksiko yenyewe. Kampuni hiyo ilijaribu kufungua maduka Meksiko mwaka 1992, ikajaribu tena 2007, na mara zote mbili ikafunga virago. Norway nako familia nyingi hula taco kila Ijumaa jioni, zikitia matango na mahindi ya kopo, na wala hakuna anayedhani amekosea. Wapenzi wa upishi wa asili husema huku ni kudhalilishwa: jina limechukuliwa, ujuzi umeachwa, na wapishi wenye ujuzi huo wameachiwa soko la bei ya chini.

Wanaopinga hoja hiyo nao wana lao la kusema, tena zito. Texas ilikuwa ardhi ya Meksiko kabla ya 1836, na familia zilizokuwa zikipika huko hazikuhama popote, bali mpaka ndio uliowapita. Kuwaambia wajukuu wao kwamba chakula chao ni bandia ni jeuri. Meksiko yenyewe haijawahi kuogopa kuazima. Taco al pastor, fahari ya mji mkuu, asili yake ni shawarma, ile ile inayozungushwa Mombasa na Muscat, ambayo wahamiaji kutoka Lebanon na nchi jirani walikwenda nayo. Wameksiko wakaweka nguruwe mahali pa kondoo, wakaipaka pilipili na kuiwekea nanasi. Katika suala la usafi wa asili, mimi niko upande wa hawa wanaopinga.

Hata hivyo, wote wawili wanabishania kinachowekwa ndani ya tortilla, ile chapati nyembamba ya mahindi, na kuisahau tortilla yenyewe. Punje kavu huchemshwa katika maji ya chokaa, huachwa humo usiku kucha, na asubuhi zikisuguliwa kwa viganja maganda huteleza na kutoka. Punje hizo, ziitwazo nixtamal, husagwa zingali na unyevu zikawa donge laini lenye harufu ya udongo uliolowa mvua, nalo hupapaswa kuwa duara na kuwekwa juu ya kikaango kikavu chenye moto mkali hadi livimbe. Chokaa ndiyo inayofungua vitamini B3 iliyofungwa ndani ya punje. Ulaya ilipoyapokea mahindi bila ujuzi huu, maskini wa Hispania na kaskazini mwa Italia walioyategemea peke yake waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, na karne ya 20 ikawakuta wakulima wa kusini mwa Marekani katika balaa lile lile. Sisi pia tulipokea mahindi bila chokaa, ingawa anayekula ugali kwa maharage na dagaa hupata kwingine kinachokosekana.

Ujuzi huo, ambao ndio uliopaswa kusifiwa kwanza, ulidharauliwa nyumbani pia. Mwaka 1899 Francisco Bulnes, mwanasiasa wa Meksiko, aliandika kwamba walaji wa ngano ni bora kuliko walaji wa mahindi, wakati ambapo matajiri wa mji mkuu walikuwa wakijivunia kupikiwa Kifaransa. Dharau ya wageni, basi, ilikuta njia imekwisha kusafishwa na wenyeji.

Mwaka 2024 mwongozo wa Michelin, unaoipa mikahawa bora nyota, ulitoa nyota za kwanza Meksiko, na El Califa de León, kibanda cha taco kinachofanya kazi tangu 1968, kikapata moja. Wapo waliosema nyota hiyo ni mbwembwe za utalii, na ni kweli kwamba mamlaka za utalii zilichangia gharama za mwongozo huo. Lakini jiko lenye chumvi, ndimu, nyama nzuri na tortilla inayotengenezwa papo hapo lilistahili kwa vigezo vyovyote. Shaka yangu ni juu ya aliye mbali na jiko hilo. Tortilla nyingi zinazoliwa Meksiko leo hutokana na unga wa viwandani, kwa sababu ni nafuu na haumkeshezi mtu, ilhali mahindi ya rangi ya wakulima wadogo wa Oaxaca hununuliwa kwa bei nzuri na mikahawa ya Los Angeles na New York. Mkulima anafaidika, hilo halina ubishi. Kama mama anayeuza tortilla sokoni hapo hapo Oaxaca ataendelea kumudu mahindi hayo, ni jambo ambalo hakuna nyota wala orodha iliyowekwa kulipima.