Tukifika Tutanunua

Mchanga wa ufukweni una sheria zake, na Baba Mdogo alizifuata zote. Hilo lieleweke mapema, maana hadi leo kwenye vikao vya ukoo kuna wanaosema alikuwa mzembe. Hakuwa mzembe. Alikuwa mtiifu, na utiifu huo ndio uliotupatia kesi.

Tulikuwa pikipiki tatu, tukitoka Mwanza kupeleka barua ya posa ya binamu yetu huko Ghuba ya Speke, upande wa Bunda. Baba Mdogo ndiye mshenga. Alikuwa na XL 125 aliyoinunua mnadani, zile walizokuwa wakipewa mabwana shamba na miradi: tairi la mbele inchi 21, la nyuma inchi 18, madigadi ya mbele imenyanyuliwa juu ili tope lisikwame, shokapu ndefu, na matairi ya meno yanayovuma kwenye lami na kung'ata kwenye vumbi. Mimi nilikuwa na DT ya zamani, ile inayokula oili pamoja na petroli na kutoa moshi wa kufukuza mbu wa Magu nzima. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja na pikipiki ya boda, matairi ya lami ya inchi 17, na la nyuma lilishaanza kuota upara katikati. Tukamwambia. Akajibu kwamba pikipiki ni dereva.

Nyuma ya Baba Mdogo alipanda Shangazi, mwalimu mstaafu. Yeye ndiye dada mkubwa; alimbeba Baba Mdogo mgongoni akiwa mchanga, kwa hiyo aliona sasa ni zamu ya kubebwa. Helmeti aliivaa juu ya kilemba, na juu ya helmeti akafunga mtandio. Baba Mdogo alivaa suti ya rangi ya kijivu, barua na bahasha ya kishika uchumba vikiwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, vimefungwa nailoni.

Lami haina cha kusimulia. Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, kama kilomita 150, tukakunja kushoto kuelekea upande wa Kisorya, kisha kushoto tena kushuka ziwani. Kwanza ikaja mbuga nyeusi iliyokauka na kupasuka, halafu luseni, ule udongo wa kichanga, halafu mchanga mtupu. Wenyeji walishatuambia kwa simu kwamba njia ya juu imechimbwa na mvua, tufuate ufukwe.

Hapo lazima kusimama kupunguza upepo. Tairi lililojaa huchimba mchanga. Likilegea linatanuka, linakanyaga eneo kubwa zaidi, linaelea juu. XL kwenye lami ikiwa na abiria inataka kama psi 28 nyuma na 22 mbele. Kwenye mchanga unaweza kushuka mpaka 18 nyuma na 15 mbele, lakini kwa tairi la tyubu kuna bei ya kulipa. Ukigonga jiwe, rimu inabana tyubu na kukuachia matundu mawili yaliyokaa sambamba. Na tairi lisilobanwa vizuri linaweza kuteleza kwenye rimu, likaiburuta tyubu, na valvu ikang'oka kwenye shina lake, mahali ambapo hakuna kiraka kinachoshika. Wanaozunguka majangwani na pikipiki hizi hufunga kufuli ndani ya rimu, kipande kinacholibana tairi lisihame. XL ya Baba Mdogo haina. Asiye na kufuli huilegeza ile nati ya valvu na kuipandisha juu hadi kwenye kifuniko, ili tairi likihama aone valvu imelala upande kabla haijakatika.

Sasa, upepo hupimwa kwa mzigo. Mzigo ukizidi, hushuki sana. Shemeji akamuuliza Shangazi, kwa adabu zote, ana kilo ngapi. Shangazi akataja namba. Palipita kimya kidogo. Baba Mdogo akaangalia ziwa. Hakuna aliyekuwa tayari kumbishia mwalimu, basi upepo ukapunguzwa kwa uzito uliotajwa, si kwa uzito uliokuwepo.

Baada ya hapo nikampa Baba Mdogo maelekezo ya mchanga, maana XL anayo lakini kazi yake kubwa ilikuwa kwenda sokoni Buzuruga. Simama kwenye vikanyagio, magoti yabane tanki, makalio yarudi nyuma. Gia ya pili au ya tatu. Usukani utacheza, uache ucheze. Breki ya mbele usahau kama ipo. Usifunge mafuta ghafla, kwa sababu uzito wote unahamia mbele, tairi la mbele linajichimbia na usukani unajikunja wenyewe. Na macho yawe mbali, mita 20 au 30 mbele, kamwe yasiwe kwenye tairi. Pikipiki huenda unakoangalia.

Na abiria hushuka akatembea. Hili ndilo la kwanza kabisa. Ghuba hii ina jina la Mzungu aliyefika Mwanza na msafara wa miguu mwaka 1858, na Shangazi historia ndiyo aliyokuwa akifundisha. Tulipomwomba ashuke, alisema kazi ya kutembea ilishafanywa na Speke.

Tukaondoka. Shemeji hakufika mbali. Tairi lake lilizunguka mara chache, likazama hadi ekseli. Hapo alifanya jambo la akili: hakuendelea kulazimisha klachi, maana ukiishikilia nusu huku tairi limezama, sahani zinaungua na harufu yake huisahau. Alishuka, akaweka gia ya kwanza, akawa anatembea pembeni huku pikipiki inajivuta polepole. Ndiyo maana yote yaliyofuata yeye aliyasimuliwa, na siku hizi anayasimulia vizuri kuliko sisi tuliokuwepo.

Baba Mdogo alikuwa anapendeza. Amesimama wima, suti inapepea, mafuta hayapungui, macho yako kwenye mawe ya kule mwisho wa ufukwe. Nyuma yake Shangazi amekaa, amekumbatia mkoba.

Usiku uliotangulia ulikuwa wa giza. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka kazi husimama, kwa hiyo usiku wa giza maana yake asubuhi ufukwe mzima umeanikwa. Wengine wana vichanja, lakini wengi hutandika nyavu kuukuu juu ya mchanga na kumwaga dagaa hapo. Jua likiwa kali, jioni wamekauka. Wakiwa wabichi bado wanameta, na kwa mtu anayetazama mbali, kumeta kwa dagaa na kumeta kwa maji ni kitu kimoja.

Shangazi yeye haangalii mbali. Alishika shule miaka mingi, anaangalia kilicho mbele yake.

"Dagaa!" akapaza sauti.

Baba Mdogo, bila kugeuza shingo: "Tukifika tutanunua, Dada!"

"We mtoto, dagaa!"

"Nimesikia! Wako wengi huko!"

"Mbele! Dagaa mbele!"

"Ndiyo, huko mbele! Tukifika!"

Uanikaji wa kwanza ulipita chini ya matairi bila sauti. Wa pili pia, ila sasa akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa kwa mafagio walishaanza kukimbia, baadhi wakikimbia kutoka kwake na baadhi wakija kwake. Hapo ndipo mtu mwingine angefunga mafuta. Baba Mdogo hakufunga. Aliambiwa asifunge.

Uanikaji wa tatu wavu wake ulikuwa na pindo lililolegea. Meno ya tairi la nyuma yakalinyakua, pindo likapanda juu, likaingia kwenye sproketi, na wavu wote ukaanza kujisokota kwenye habu pamoja na dagaa wake. Gurudumu likasimama palepale. Pikipiki bado ilikuwa na safari. Rimu imefungwa na wavu, tairi linasukumwa na mchanga, upepo ndani ni wa mtu mwembamba: tairi likazunguka peke yake juu ya rimu na valvu ikakatika kwa sauti ndogo ya "psii" ambayo hakuna aliyeijali wakati ule.

Baba Mdogo alipita juu ya usukani, akatua kifudifudi kwenye uanikaji wa nne, ambao hadi hapo haukuwa na kosa lolote. Shangazi hakuruka. Aliteleza taratibu kutoka kwenye kiti, akakaa kitako katikati ya dagaa, miguu ameinyoosha, helmeti na mtandio vipo mahali pake. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Barua iko wapi?"

Barua ilikuwepo. Suti ndiyo ilikuwa imebadilika rangi. Magamba yalimshika kifuani na mabegani, na juani aling'aa kuliko bwana harusi yeyote niliyewahi kumwona.

Mwenye dagaa, mama mmoja mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo, alifika na fagio lake. Shangazi alikuwa ameshasimama. Wakasalimiana kwanza, kikamilifu, mpaka habari za watoto. Ndipo kesi ikaanza.

"Hawa sasa wamekuwa wa kuku," alisema mama, akionyesha dagaa waliopondeka. "Nani atakula dagaa wa oili?"

Shangazi akaokota mmoja, akampukuta, akamtazama kama daftari la mwanafunzi. "Na mchanga huu? Mama, hawa walikuwa wa kuku kabla sisi hatujafika."

Hoja ilikuwa nzito, kwa sababu dagaa wa mchanga kweli huishia kwa wasaga vyakula vya kuku, na bei yake ni ya chini. Mama akakaa kimya, akahesabu upya. Walikubaliana sado tatu kwa bei ya kuku. Wavu ungejadiliwa ukishatoka kwenye gurudumu, na mama akatoa onyo: ukikatwa, ni mpya.

Kuutoa wavu bila kuukata ni kazi ya subira. Zima injini, weka gia huru, zungusha gurudumu kinyumenyume huku mwenzako akivuta taratibu. Ulitoka karibu wote. Tatizo ni zile nyuzi za mwisho, zilizojipenyeza nyuma ya sproketi hadi kwenye sili ya habu. Hizo huziachi. Zikizunguka na habu zinakata sili, grisi inatoka, mchanga unaingia, na beringi haifiki Lamadi. Nikaomba kisu. Mama akanipa mwenyewe, kwa furaha.

Tyubu sasa. Niliyokuwa nayo ya akiba ilikuwa ya inchi 21, na hiyo si bahati mbaya; mwenye nafasi ya tyubu moja hubeba ya mbele. Ya 21 unaweza kuikunjakunja ndani ya tairi la 18 ikakufikisha kwa fundi, lakini ya 18 kuivuta hadi 21 ni kutafuta pancha nyingine. XL tukailaza juu ya gunia, maana stendi ya katikati haina. Nati ya fimbo ya breki, nati ya ekseli, gurudumu lisogezwe mbele, cheni ishuke, litoke. Tyubu ikapewa pumzi kidogo tu ili isibanwe na chuma. Kurudisha tairi, siri haipo kwenye nguvu ya mkono. Ule upande uliokwishaingia lazima usukumwe chini kwenye bonde la katikati la rimu, ndipo upande wa mwisho upate nafasi ya kuingia. Aliyepewa kazi ya kuusukuma kwa magoti ni Baba Mdogo, na suti yake. Kipande cha sabuni ya mche na maji ya ziwa vikafanya tairi liteleze, na pampu ya baiskeli ya mchuuzi mmoja ikalijaza mpaka ule mstari wa pembeni ukatokea sawasawa pande zote.

Cheni nilikataa isitiwe oili. Oili na mchanga vikikutana vinakuwa msasa, sproketi inaliwa. Ikae kavu hadi lami.

Jambo moja tu lilibaki. Injini ya XL hupozwa na upepo, na katikati ya mapezi yake dagaa walikuwa wamejipanga vizuri mno. Juu ya eksozi ndio usiseme. Nikaomba dakika chache niwachokoe kwa kijiti, kwa sababu mapezi yakiziba injini inachemka. Baba Mdogo akasema tumechelewa posa.

Haikuchemka. Dagaa ndio waliiva. Kabla ya kilomita ya kwanza kwisha, harufu ilikuwa ya chakula cha mchana kabisa, na mwewe wawili walikuwa juu yetu wakizunguka. Tulipoingia kijijini korongo mmoja, wale wenye upara na mfuko shingoni, alishuka kwenye mti akaanza kutembea nyuma ya XL bila haraka, kama mzee aliyealikwa. Paka walitoka kila nyumba.

Tukapokelewa, maji ya kunawa yakaletwa, yakaongezwa, yakaongezwa tena. Barua ikatolewa kwenye nailoni na kusomwa, na hakuna aliyetaja harufu, ingawa madirisha yote yalifunguliwa. Kisha mjomba wa binti akavaa miwani na kusoma orodha ya mahari: ng'ombe, mbuzi wa wajomba, blanketi la babu, kitenge cha bibi. Mwishoni, kwa wino ambao haujakauka, wavu mmoja wa dagaa, mpya.

Ng'ombe Baba Mdogo aliwakubali bila kubisha. Mazungumzo yaliyotuchukua hadi taa zikawashwa ziwani yalikuwa ya wavu.