Lita Moja Imejaza Dumu

Jana nimekesha natafuta pua. Si yangu. Yangu ipo, na watu wa soko la Mwanga hapa Kigoma wanaijua. Natafuta pua ya yule jambazi mkuu wa kwenye muvi, mtu ambaye nimeishi naye miaka kumi na tatu kwenye TV ya chogo, yeye na pua yake na kovu lake chini ya jicho. Jana nikawasha TV mpya, inchi 55, fokei (4K), nikatia muvi ile ile, jambazi akatokea na uso kama ugali unaopoa: mviringo, unang'aa, hakuna kitu. Kovu hakuna. Pua hakuna, pamebaki kivuli tu pale ilipokuwa, kama nyumba iliyobomolewa kupisha barabara.

Mama watoto akaangalia dakika mbili. "Umeinunua mwenyewe," akasema, akaenda kulala. Hukumu ya maneno mawili haina rufaa.

Sasa msinicheke kabla hamjasikia nilivyoingia humo. Sisi tulikuwa na chogo yetu imetulia, ina kitambaa chake cha kufuma, ina maua yake ya plastiki juu. Akaja kijana wetu wa kwanza likizo kutoka Dar, akaitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani. "Baba, hii mnaangalia au mnakisia?" Likizo ikaisha, yeye akapanda treni, neno likabaki sebuleni. Mwezi haukwisha, chogo ikapelekwa Kasulu kwa mama mkwe, juu ya basi, imefunikwa khanga, na mimi nikaingia mjini kutafuta TV ya kuangalia bila kukisia.

Duka la kwanza muuzaji alikuwa kwenye simu, akaninyooshea kidole kuelekea kwenye mafeni. La pili nikaulizwa "Keshi au mkopo?" hata salamu haijafika mezani, nikatoka na heshima yangu.

La tatu ndilo lililonimaliza.

Unaingia, ukuta mzima TV. Kumi na moja, nilizihesabu, na zote zinaonyesha kasuku mmoja. Kasuku akiondoka inakuja asali inamiminika, asali ikiisha linakuja tone la maji juu ya jani, halafu kasuku anarudi. Kijana wa duka, shati limenyooka, akaja mbio. "Shikamoo mzee wangu. Ona hayo manyoya! Unaweza kuyahesabu."

"Marahaba. Sifugi kasuku, mwanangu."

"Picha iko wazi kama maji ya ziwa, mzee."

"Ziwa liko hapo chini. Bure."

Akacheka kibiashara, akahamia kwenye hesabu. Fokei, akasema. K ni elfu, kwa hiyo vitone vya picha elfu nne kwa upana. Mimi nauza mawese. Mtu akinitajia namba ya duara, mkono unakwenda wenyewe kwenye kipimo. Nikamwomba boksi. Boksi limeandikwa 3840 kwa 2160.

"Hizo 160 zimekwenda wapi?"

"Zipi mzee?"

"Umesema elfu nne. Hapa pana 3,840."

Akaeleza kwamba hiyo ndiyo lugha ya kampuni, kwamba fokei ya kwenye kumbi za sinema ndiyo inafika 4,096, hii ya nyumbani imepungua kidogo. Yaani ya sinema imezidi, ya kwangu imepunjwa, na zote zinaitwa nne! Nikamfanyia hesabu ya kwetu. Vitone 160 katika 4,000 ni asilimia 4. Asilimia 4 ya dumu la lita 20 ni mililita 800. Nikimpunja mama wa Ujiji mililita 800 kwenye dumu, halafu nimwambie ni lugha ya kampuni, jioni hiyo mtanikuta nimelala chini ya meza, na meza iko juu yangu.

Basi nikatoa diski yangu mfukoni. Kijana akashtuka kama nimetoa nyoka. Jamani, suruali unaijaribu, kiatu unakijaribu, hata tikiti maji unaligonga kwanza. TV nitaijaribu kwa kasuku wa mtu mwingine? Akasema TV hizi mpya hazina tundu za zile waya za rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, labda ninunue na deki mpya. Nikatoa flashi. Akasema flashi za mtaani zina virusi.

"TV inashinda ndani, haisafiri, haisalimiani na mtu. Itamwambukiza nani?"

Nikaona macho yake yanakimbilia mlangoni, nikaelewa. Si virusi. Alikuwa anaogopa aibu ya TV. Ile TV tangu ivushwe bahari haijawahi kula kitu kingine isipokuwa kasuku.

Tukavutana, tukavutana, mwisho akachomeka. Akatokea jambazi wangu, ameshazibwa uso, na ile sauti ya mtafsiri wetu anayeongeza hata yasiyosemwa, Mchina anamtukana mwenzie kwa habari za dagaa. Nikanyoosha kidole. "Unaona? Ugali!"

Hapo kijana akapata nguvu. "Mzee, hiyo ni muvi yako, si TV. Hii ilitoka kwenye diski. Diski ni 720 kwa 576." Akavuta kikokotoo cha kuandikia risiti. 720 mara 576, vitone 414,720. TV, 3,840 mara 2,160, vitone 8,294,400. Akagawa kikubwa kwa kidogo, akanigeuzia kioo. Ishirini. Kamili, bila baki.

Nyie, nilinyamaza.

Dumu ni lita 20. Maana yake kila kitone changu kimoja kinatakiwa kijaze nafasi ya vitone ishirini. Lita moja ijaze dumu. "Na hizo kumi na tisa zinatoka wapi?"

"TV inazitengeneza yenyewe, mzee. Ina prosesa. Inaangalia kitone cha kushoto na cha kulia, inakisia cha katikati."

"Inakisia!" Kijana wangu alinitoa kwenye chogo kwa sababu nilikuwa nakisia. Kumbe nanunua mashine ikakisie kwa niaba yangu. "Sisi sokoni hilo tunaliita kuchakachua."

"Hapana mzee, hii ni teknolojia."

Na ile diski yenyewe, nikakumbuka, ni zile za muvi ishirini ndani ya moja. Diski ya DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Gawanya kwa muvi ishirini, kila moja inapata MB 235. Kwa hiyo mchakachuaji wa kwanza ni aliyezibana humo, wa pili ni TV, na katikati yao yuko jambazi anatafuta pua yake.

Tukiwa kwenye mjadala huo sikuona watu wanaingia. Kwanza mama mmoja na beseni la migebuka, akaliweka chini. Wanafunzi wawili. Bodaboda watatu, abiria wa mmoja wao yuko nje anauliza kama safari ipo. Mlinzi akaacha geti. Mtu akakaa juu ya boksi la friji, akasema, "Rudisha nyuma kidogo, sijaona alivyoingia," na kijana wa duka, nakwambia, akarudisha! Hakuna aliyeuliza vitone. Hakuna aliyemtafuta kasuku. Mwenye duka anafika, "Nani amefungua kibanda umiza humu?", na ananikuta mimi, mkaguzi, mtu wa vipimo, nimekunja ngumi mbele ya inchi 55 napiga kelele, "Nyuma yako! Nyuma yako, mjinga wewe!"

Hakutufukuza. Aliuliza huyu mwenye kovu ni nani, akaelezwa na watu wanne kwa pamoja, akavuta kiti.

Muvi imekwisha saa nane mchana. Watu wakatawanyika wanapiga stori, na mimi nimebaki mbele ya kaunta na flashi mkononi. Sasa niambieni, mtu mzima ukishakalia duka la watu saa mbili, umewajazia harufu ya migebuka, unatokaje mikono mitupu? Mlinzi peke yake ndiye aliyenivuta pembeni. "Mzee, kwa muvi zako hizi chukua inchi 32, kaa mbali nayo. Kioo kikiwa kidogo ugali hauonekani." Huyo ndiye aliyestahili lile shati lililonyooka. Lakini sikumsikiliza, na sababu naisema hapa kwa kuwa mama watoto hasomi mitandaoni: jirani yangu ana inchi 43.

Kuifikisha Gungu ni habari nyingine. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikabomolewa vipande, ikafungwa masandukuni, ikavuka bahari, ikaletwa mpaka huku mwisho wa reli, ikaungwa upya. Ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini. Mimi TV moja tu, kwenye bajaji, kutoka mjini mpaka Gungu, nimeikumbatia kama mgonjwa wa mifupa, na dereva kila shimo anasema "pole" badala ya kulikwepa.

Nyumbani, sebule yangu kutoka ukutani mpaka kochini ni hatua nne, na hatua zangu si ndefu. Nikampigia kijana wangu Dar. Akasema, "Baba, fokei ya inchi 55 ukitaka kuviona vitone vyote unakaa kama mita moja." Nikakaa mita moja. Naona sikio. Muvi nzima, sikio. Akasema ingia kwenye mipangilio, kuna kitu kinaitwa ulaini wa mwendo, kizime. Kumbe sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, na TV ikiona zimepungua inazitunga nyingine ijaze katikati. Inatunga! Ndiyo maana jambazi alikuwa anakimbia kama yuko kwenye video ya harusi, anateleza tu, unasubiri atupiwe noti. Nikazima. Akasema ukali wa picha ushushe karibu na sifuri. Mimi nilikuwa nimeupandisha mpaka mwisho nikidhani ndiyo dawa, watu wote wakaota mstari mweupe pembeni kama wamechorwa kwa chaki. Nikaushusha. Ile rangi ya dukani ya kuumiza macho nikaibadilisha. Ugali ukawa ugali wa kistaarabu.

"Baba, shida ni muvi. Tafuta muvi za fokei kwenye intaneti." Kiasi gani? "Kama GB 7 kwa saa." Kwa saa! Muvi ni saa mbili! GB 14, bando la nani, mimi nina mtandao wa kufungua picha za WhatsApp kwa awamu, LUKU inalia kila ikifika saa tatu usiku, maji yanakuja siku wanayotaka wao, halafu niinunulie TV chakula cha GB 14 ili nione pua ya mtu! Mtu anakuuzia ng'ombe, hakwambii kwamba anakula majani ya Ulaya tu. Na betri za rimoti hazimo kwenye boksi. Mashine ina uwezo wa kutunga vitone milioni saba na laki nane na ushee, betri mbili zimewashinda walioitengeneza.

Nikasukuma kochi mpaka ukutani. Afadhali. Nikakaa mlangoni. Afadhali zaidi. Nikatoka barazani, nikachungulia dirishani, nikaona kama kuna kitu katikati ya uso. Nikarudi nyuma, hatua moja, mbili, hatua ya nane mgongo ukagusa mchikichi, nikainua macho.

Pua. Na kovu lake, chini ya jicho, kama zamani.

Ilikuwa alfajiri. Jirani mwenye inchi 43 anatoka kuswali, ananikuta nimekumbatia mchikichi wangu nalikodolea macho dirisha langu mwenyewe, mbu wananila. Alinipa ile salamu ya mtu anayeomba maelezo. Nikajibu salamu tu.

Asubuhi hii nimempigia mama mkwe. Ningeanzaje kuidai chogo? Nikazunguka. "Shikamoo mama. Ile TV inaendeleaje?"

"Marahaba baba. Inaonyesha vizuri kabisa, Mungu akuzidishie."

"Watu wanaonekana? Sura zao, yaani. Pua mnaziona?"

Kimya kirefu. Nikasikia anaongea na mtu pembeni kwa Kiha, polepole, halafu akarudi. "Baba, mko salama huko? Mama watoto yupo? Hebu mpe simu."

Nikasema amekwenda kisimani, tuko salama, habari za maharage. Maharage mazuri, anasema, ila magunia hakuna, na bei ya gunia tupu huko Kasulu sasa hivi ukitajiwa unakaa chini, gunia tupu, halina kitu ndani