Daftari Lenye Asubuhi Tupu

Fungua daftari la mtu wa hapa Lamu aliyeambiwa ana kisukari aina ya pili miezi mitatu iliyopita. Ni sukari ya damu, kwa mmol/L: 6.8. 7.1. 6.5. 6.9. Zote zimepimwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya chai, na hakuna siku iliyorukwa. Kisha kliniki wampime kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, na majibu yarudi asilimia 8.1, yaani wastani wa kama 10.3 usiku na mchana. Mgonjwa anaduwaa. Wengine huambiwa machoni kwamba namba wamezitunga. Hilo ndilo linaloniuma hadi nikaandika haya, kwa sababu hakutunga kitu. Alifanya kama alivyoagizwa. Kosa ni la aliyempa mashine ya kupimia sukari, akamwambia "pima kila asubuhi", akaishia hapo.

Sukari ya asubuhi ni ya mtu aliyekaa saa nane hadi kumi bila kula. Kinachoipandisha wakati huo ni ini, ambalo humwaga akiba yake karibu na alfajiri ili mwili uamke. Ndiyo maana mtu hulala na 6 akaamka na 8 bila kutia kitu mdomoni. Namba hiyo ni habari ya ini na ya dawa ya usiku. Ya mahamri ya saa moja, ya wali wa nazi wa mchana na ya chapati za usiku haimo. Na kwa mwenye aina ya pili, kongosho, kiungo kinachotoa insulini ya kushusha sukari, huchelewa kukijibu chakula, kwa hiyo mara nyingi madhara yamejificha saa zile zile ambazo hakuna anayepima.

Pima kwa jozi: mara moja kabla ya kula, na mara ya pili saa mbili baadaye. Chagua mlo mmoja tu. Tuseme chai ya asubuhi: mahamri matatu, mbaazi za nazi, na kikombe cha chai chenye vijiko viwili vya sukari. Pima kabla ya tonge la kwanza, uandike namba na saa. Hizo saa mbili huhesabiwa tangu tonge la kwanza, si tangu uliponawa mikono. Ukianza kula saa moja na robo, unapima tena saa tatu na robo. Katikati hapo usitafune kitu, hata tende moja. Shabaha ya watu wazima wengi ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya saa mbili. Wazee sana na wajawazito wana shabaha zao, wamuulize daktari.

Sasa tazama tofauti. Ukianza na 7 ukafika 13, chakula hicho kimekupandisha 6, na umekijua kwa jina. Kesho kula hicho hicho lakini ubadilishe jambo moja tu: hamri moja badala ya matatu, mbaazi zile zile, chai ile ile. Keshokutwa rudisha mahamri na uitoe sukari ya chai. Ukibadilisha yote kwa siku moja hutajua lililokuumiza ni lipi. Wiki moja ya jozi kwa mlo mmoja hula stripu 14, vile vipande vyembamba vinavyochomekwa kwenye mashine na kupokea damu. Kopo la stripu 50 linakutosha kuijua chai yako, chakula chako cha mchana na cha usiku, na nane zikabaki za siku za kujisikia vibaya. Kopo hilo hilo, likiliwa moja kila alfajiri, huisha kwa wiki saba bila kukwambia ule nini.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba asubuhi ina kazi yake. Mwenye kudunga insulini ya usiku hupangiwa dozi kwa namba hiyo, huyo asiiache. Na anayetumia vidonge vya metformini peke yake, HbA1c yake imetulia, hana haja ya kujitoboa kila siku. Pesa ya stripu ni pesa ya samaki.

Lakini jozi haina maana ikiwa kipimo chenyewe ni kibovu, na mjini kwetu kinaharibika kwa mambo mawili hasa: vidole na hewa.

Kidole kilichoshika tende, embe au halua hubaki na utando wa sukari usiouona. Tone la damu likitoka hapo huichukua sukari hiyo, na namba huweza kuruka mara mbili au zaidi ya ile ya kweli. Pamba ya spiriti haitoshi kuuondoa. Nawa kwa maji na sabuni, ukaushe mpaka kwenye kucha, maana majimaji nayo hulichuja tone. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati ya nyama, ambako ndiko kwenye maumivu zaidi. Ning'iniza mkono chini kwanza, na usikamue kidole kama ndimu, kwa sababu kukamua huleta majimaji ya mwilini pamoja na damu. Subiri tone lijae liwe kama kichwa cha pini, kisha uligusishe kwenye ncha ya stripu, ilivute yenyewe. Tone likiwa dogo, mashine nyingi huonyesha alama ya kosa. Usiongezee damu juu yake, toa stripu mpya. Sindano ni moja kwa mara moja, na ya mtu mmoja. Zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko. Usizitupe kwenye takataka wazi ambako watoto hupita pekupeku.

Hewa ni adui mkubwa zaidi. Stripu ina kimeng'enya kinachoharibiwa na joto na unyevu, na hewa ya bahari ina vyote viwili. Kopo lake lina dawa ya kunyonya unyevu, ndiyo sababu hufungwa papo hapo ukishatoa moja. Usiliweke jikoni, wala dirishani, wala kwenye friji. Ukivuka kwenda Mokowe lisikae juani kwenye boti. Kopo nyingi husema mwisho wa joto ni nyuzi 30, na Machi hapa chumba cha bati hupita hapo. Andika juu yake siku uliyolifungua. Nyingi huisha miezi mitatu hadi sita tangu kufunguliwa, hata kama tarehe iliyochapishwa bado mbali. Mtu akikuuzia stripu tano kwenye karatasi, mwachie. Hujui zimekaa nje siku ngapi.

Na mashine njema yenyewe huruhusiwa kupotoka kwa asilimia 15. Kwa hiyo 7.0 inaweza kusomeka 6 au 8. Usipime mara tatu ukaandika ile iliyokufurahisha.

Ukitetemeka, ukitoka jasho la baridi, na mashine ikasema chini ya 3.9, usingoje. Anayetumia vidonge vya glibenklamidi au insulini ndiye aliye hatarini zaidi. Vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15. Halua haifai hapo, samli yake huichelewesha sukari kufika kwenye damu. Ramadhani ni vivyo hivyo: wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole hakuharibu saumu, kwa hiyo pima mchana, na ukiona chini ya 3.9 au juu ya 16.6, futuru saa hiyo hiyo.

Ninachowaomba wanaogawa mashine ni dakika kumi zaidi. Mchoreeni mgonjwa karatasi ya safu nne: saa, kabla, baada, na alichokula kwa idadi, "mahamri 3" na si "chai". Mtoboeni kidole mbele yenu, kisha naye ajitoboe mwenyewe mkiangalia. Kwenye safu ya "baada" muwekeeni saa tatu na robo kwa kalamu, aondoke nayo.