Kidole Chenye Piko na Tasnifu ya Uhandisi

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kwenye zahanati moja hapa Tanga. Kifua kilikuwa kimembana siku mbili baada ya harusi ya mwanawe. Muuguzi alimbana kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, kioo kikaonyesha vistari vitupu, akahamia kidole kingine, vistari vilevile. Bibi mmoja aliyekuwa benchini akasema, "Si piko hilo, mwanangu? Mbane sikioni." Namba ikatokea; ile rangi nyeusi ya urembo aliyopakwa vidoleni kwa ajili ya harusi ndiyo iliyokuwa ikiuzuia mwanga wa kifaa.

Namkumbuka bibi huyo kila ninaposikia wahandisi wa umeme na kompyuta wakibishana kuhusu kazi inayomfaa mwanafunzi wa uzamili anayetaka kutafiti vifaa vya afya. Wapo wanaosema aunde kifaa chake kuanzia bodi na vihisi, kwa kuwa nchi inayoagiza kila kitu hubaki na makabati ya mashine mbovu zisizo na fundi, na chumvi ya bahari yetu haimsubiri mtengenezaji aliye ng'ambo. Hoja hii ina uzito. Wengine hujibu kwamba kifaa chenyewe kinauzwa kwa bei nafuu, miaka miwili ni michache, na afadhali mwanafunzi achukue data iliyopo aifundishe akili mnemba.

Naona pande zote mbili zinakiruka kidole. Kifaa hicho, ambacho msingi wake uliwekwa na mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hupitisha mwanga mwekundu wa takribani nanometa 660 na wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa takribani nanometa 940. Damu yenye oksijeni hufyonza zaidi infraredi, iliyopungukiwa hufyonza zaidi mwekundu, na uwiano unaopatikana hulinganishwa na jedwali linaloutafsiri kuwa kiwango cha oksijeni. Jedwali hilo halikutokana na hesabu tupu, bali na watu waliojitolea kupunguziwa oksijeni huku damu yao ikipimwa, watu ambao rangi za ngozi zao hazikuwa na mchanganyiko wa kutosha. Matokeo yake tuliyaona Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipoonyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika ulikipita kifaa kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu ya ulivyokipita kwa Weupe. Bodi mpya yenye jedwali la kuazima itarithi kosa hilo, na akili mnemba iliyolishwa namba hizo italirithi pia, tena bila aibu.

Ni kweli kwamba kupima watu ni kazi nzito: kibali cha maadili huchukua muda, na damu ya ateri haichotwi ili mtu apate shahada. Hata hivyo ukanda huu si mgeni wa kazi ya namna hiyo, kwani Bagamoyo na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S; wanaojua kumweleza mtu utafiti kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi wapo tayari, ingawa mhandisi mara nyingi hawatafuti.

Na si kila swali linadai sindano. Mtu mmoja mwenye afya, kidole kimoja chenye piko, kingine chenye hina nyekundu, cha tatu kitupu, vyote vikipimwa kwa wakati mmoja na mawimbi ghafi, yaani ishara ya mwanga kabla kifaa hakijaigeuza namba, yakihifadhiwa: kibali bado kitahitajika, lakini hiyo inatosha sura nzima ya tasnifu, na wa kujitolea hawakosekani Tanga msimu wa harusi.