Mtu kagusa faili, hakusema
Jamani, ukibadilisha kitu kwenye seva, sema! Jana nimekesha hadi saa nane usiku nikikusanya mipangilio ya mashine zetu zote, moja ikagoma kutoa chochote. Ping inajibu, yaani mashine iko hewani; ajenti wa Zabbix, ile programu ndogo inayokaa kwenye mashine na kutoa taarifa zake, anafanya kazi, na poti yake 10050 iko wazi. Kumbe ndani ya zabbix_agentd.conf, faili la mipangilio ya ajenti, kwenye mstari wa Server= unaotaja seva inayoruhusiwa kumuuliza, mtu kaandika anwani inayoishia na 12 badala ya 21. Ajenti akipigiwa na anwani asiyoijua anakata, basi. Na hakuna aliyeandika popote! Inaniuma, maana mashine hiyo ndiyo inayobeba mishahara ya watu. Daftari la mabadiliko lipo, mstari mmoja ungetosha. Asubuhi nimeuliza, kila mtu anasema si yeye.