Krishna hakukaa katikati, aliyekaa ni kaka yake

Kila stori ya Mahabharata, ile hadithi ndefu ya kale ya Wahindi, ikiibuka mtandaoni lazima atokee mtu aseme mungu Krishna hakuwa na upande kwenye vita ya Kurukshetra kati ya ndugu watano Pandava na binamu zao Kaurava, eti kwa vile hakushika silaha. Jamani! Ni kweli Duryodhana, kiongozi wa Kaurava, na Arjuna, mmoja wa Pandava, walimfuata wote mjini kwake Dwarka kuomba msaada, akawaambia mmoja achukue jeshi langu, mwingine anichukue mimi mwenyewe ila sipigani, Arjuna akamchagua yeye na Duryodhana akaondoka na jeshi anajiona kapata dili. Sasa mtu anayeendesha gari la farasi la Arjuna na kutoa mbinu za kumwangusha Drona na Karna, majemadari wa Duryodhana, huyo yuko katikati gani?

Aliyejitoa kweli ni Balarama, kaka mtu. Na ukitazama alivyobanwa unamwelewa, maana watatu kati ya Pandava ni watoto wa shangazi yake Kunti, dada yake Subhadra kaolewa na Arjuna, halafu Bhima, kaka yake Arjuna, na Duryodhana wote yeye ndo kawafundisha kupigana kwa rungu, na Duryodhana alikuwa anamkubali sana. Asimame wapi? Akaenda zake kuhiji, akafuata mto Sarasvati kituo kwa kituo, anaoga, anatoa sadaka, huku ndugu wanamalizana siku 18.

Hapo simlaumu kabisa. Kinachonikera ni alivyorudi. Siku 42 hayupo, anatokea mwishoni kabisa wanafunzi wake wanapambana, Bhima anampiga Duryodhana mapajani wakati chini ya kitovu hairuhusiwi, basi Balarama kawaka, kanyanyua plau lake, ndiyo silaha yake, amvamie Bhima mpaka Krishna akamkumbatia kumzuia. Kuhusu sheria alikuwa sahihi, sibishi. Ila Abhimanyu, mtoto wa Subhadra huyo huyo, alizungukwa na wababe kibao wakamuua akiwa peke yake, sheria zote zimevunjwa, na siku hiyo mjomba yuko mtoni. Huwezi kukosa mechi nzima halafu unakuja kupuliza filimbi dakika ya mwisho.

Krishna akajaribu kumtuliza, akamkumbusha kwamba Duryodhana alimwonyesha Draupadi, mke wa Pandava, paja mbele ya ukumbi mzima na Bhima akaapa siku hiyo hiyo atalivunja. Balarama hakuelewa somo, akasema Bhima atajulikana milele kama mpiganaji wa hila, akapanda gari lake akarudi Dwarka. Yaani kaondoka tena, na maiti hazijachomwa.