Fangasi Apimwe Kwanza, Dawa Baadaye

Mtaalamu wa maabara aliivuta ngozi ya kiuno changu kwa vidole viwili, akaegemeza wembe butu ukingoni mwa duara la upele, akaanza kukwangua taratibu. Katikati hakugusa. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu bila kuinua kichwa kwamba katikati fangasi ameshakula akaondoka. Aliye hai yuko pembeni, anasonga mbele. Unga mweupe kidogo ukadondoka kwenye kipande cha kioo. Akautilia tone la potasiumu haidroksaidi, akaufunika kwa kioo kingine chembamba, tukasubiri.

Kemikali ile huyeyusha seli za ngozi zikawa angavu, lakini ukuta wa fangasi huistahimili. Baada ya muda akaniita kwenye hadubini. Mwanzoni niliona kijivu kitupu. Akazungusha kitasa kidogo tu, na hapo zikajitokeza: nyuzi nyembamba zenye vipingili kama vya mwanzi, zinakatiza katikati ya seli za ngozi bila kujali mipaka yake, hapa zimegawanyika panda, pale zimejipinda. Zilikuwa nyingi mno. Nilishikwa na hasira pale pale kwenye kiti.

Miezi minane nilikuwa nikipaka dawa juu ya nyuzi hizo. Dawa ya kwanza niliandikiwa baada ya kutazamwa kwa sekunde chache. Ya pili nilijinunulia kwa kusikia sifa zake. Ya tatu ilikuwa mchanganyiko ndani ya tyubu moja: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonipa raha kuliko zote. Siku ya pili mwasho uliisha, wekundu ukafifia. Nikiacha wiki moja, upele unarudi na duara limepanuka. Nikipaka, linatulia. Kumbe nilikuwa nalilisha.

Mwasho na wekundu wa fangasi wa ngozi kwa sehemu kubwa ni kinga ya mwili ikipambana na mgeni. Steroidi huituliza kinga hiyo. Mgonjwa anapata nafuu na fangasi anapata nafasi. Ule ukingo uliochongoka, ambao daktari angeutambua kwa macho, unafifia na upele unachukua sura ya ugonjwa mwingine. Madaktari wa ngozi wana jina la Kilatini kwa hali hiyo, *tinea incognita*, yaani choa kilichojificha. Ndiyo sababu nyuzi zilikuwa nyingi vile: kwa miezi kadhaa hakuna aliyekuwa akizizuia.

Nasema kwa uzito wote: mtu hapaswi kupaka dawa ya fangasi mwezi baada ya mwezi pasipo ngozi yake kukwanguliwa hata mara moja. Kipimo chenyewe si cha kifahari. Kinahitaji wembe, vioo viwili, tone la kemikali na hadubini ileile inayotumika kutafuta vimelea vya malaria. Kinachohitajika zaidi ni mtu aliyefundishwa kutazama, na mtu huyo ndiye tuliyemsahau.

Tumemsahau kwa sababu neno fangasi limezoeleka mno. Tunalitamka kama tunavyotamka mba au chunusi, jambo la uchafu au la aibu, la kumalizwa kimyakimya. Anayewashwa sehemu za siri anajificha. Mwenye kucha zilizoharibika anavaa viatu vya kufunika. Na macho, hata ya daktari mzoefu, yanadanganyika: pumu ya ngozi na soriasi, ugonjwa wa ngozi wenye magamba usioambukiza, zinaweza kufanana na choa kabisa. Kwenye kucha hali ni mbaya zaidi. Inakadiriwa kwamba kama nusu ya kucha zilizonenepa na kubadilika rangi hazina fangasi kabisa. Mtu wa namna hiyo akianzishiwa vidonge vya terbinafini, dawa ya fangasi, ambavyo kwa kucha za miguu humezwa wiki 12 na vinaweza kulisumbua ini, anameza dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Linaloniuma ni kwamba fangasi ndio waliotufundisha mapema kabisa kuwa kiumbe asiyeonekana kwa macho anaweza kuleta maradhi. Mwaka 1835 Agostino Bassi, huko Italia, alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiangamiza viwavi wa hariri ulisababishwa na kuvu, yaani fangasi. Miaka michache baadaye Robert Remak, katika Ujerumani, aliona kuvu ndani ya magamba ya aina moja ya mapunye. Ili kuthibitisha kuwa yanaambukiza, aliyabandika magamba hayo kwenye mkono wake mwenyewe, na ugonjwa ukamshika. David Gruby, mjini Paris, alifikia hitimisho kama hilo kwa kazi yake mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1840. Robert Koch alichapisha kazi yake kuhusu bakteria wa kimeta mwaka 1876. Fangasi walitangulia kwenye hadubini, kisha tukawasukuma nyuma ya foleni.

Sehemu ya sababu iko kwenye maumbile yao. Fangasi si mimea, na wala si bakteria. Katika ukoo wa viumbe wako karibu na wanyama, yaani karibu na sisi. Bakteria ana vifaa vingi ambavyo seli zetu hazina, kwa hiyo ni rahisi zaidi kupata sumu itakayomuua bila kutugusa. Fangasi seli yake ina kiini kama yetu na mitambo mingi kama yetu. Watafiti wamelazimika kusaka tofauti chache zilizopo. Utando wa seli zetu una kolesteroli, wa kwake una egosteroli. Hapo ndipo dawa iitwayo amfoterisini inapojishikiza, na hapo ndipo dawa za jamii ya azoli zinapoharibu utengenezaji wa egosteroli hiyo. Seli zetu hazina ukuta, yake inao, na dawa za ekinokandini hushambulia huo ukuta. Ukiongeza dawa moja zaidi, flusitosini, umeshataja karibu ghala lote la kutibu fangasi walioingia ndani ya mwili. Chanjo iliyoidhinishwa kwa binadamu hakuna hata moja.

Nystatini, dawa ambayo watoto wengi wenye utando mweupe mdomoni wamedondoshewa ulimini, ilitoka mikononi mwa wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown. Hazen alikuwa New York akiotesha vimelea kutoka kwenye udongo, Brown alikuwa Albany akichambua kemikali, na sampuli zilisafiri baina yao kwa posta. Kimelea kilichowapa dawa kilitoka kwenye udongo wa shamba huko Virginia. Matokeo waliyatangaza mwaka 1950. Fedha za hataza, yaani haki ya kumiliki ugunduzi, zaidi ya dola milioni 13, wote wawili walizielekeza kwenye utafiti, hawakujichukulia. Kila nikisoma habari zao nawaza ni udongo kiasi gani umebaki bila kutazamwa.

Nimeongea sana juu ya ngozi, na ngozi haiui. Kuna fangasi anayeitwa Kriptokokasi, anayeishi kwenye udongo na kinyesi cha ndege. Tunamvuta kwa pumzi, na mwenye kinga imara kwa kawaida hata hajui. Kwa mtu ambaye VVU vimeshusha kinga yake, anaweza kusafiri kutoka mapafuni hadi kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa vifo 112,000 kwa mwaka, karibu kifo kimoja katika kila vitano vinavyotokana na UKIMWI.

Ugonjwa huu hauna visingizio vya kutopimwa. Zamani maji ya uti wa mgongo yalichanganywa na wino mweusi, na fangasi akaonekana kama mwezi uliozungukwa na duara jeupe, kwa kuwa ganda lake zito linausukuma wino pembeni. Kipimo hicho kingali kinatumika, ila kinakosa wagonjwa. Siku hizi kuna kipande cha karatasi kinachochovywa kwenye tone la damu, na baada ya dakika 10 mstari unajitokeza kama yupo. Tena kinaweza kumnasa wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Wiki hizo ndizo zinazotenganisha vidonge vya kumeza nyumbani na kitanda cha hospitali. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba watu wenye VVU ambao chembe zao za kinga ziitwazo CD4 zimeshuka chini ya 100 katika kila milimita ya ujazo ya damu wapimwe hata kama hawana dalili. Mtu akifariki kwa ugonjwa huu bila kuwahi kugusishwa kikaratasi kile, mimi siwezi kuiita ajali.

Na tukitaka kuona utafiti unaofanywa kwa kumfikiria mgonjwa unafananaje, upo. Matibabu ya amfoterisini yalikuwa dripu ya kila siku kwa siku saba au zaidi, dawa inayoumiza figo na kupunguza damu. Jaribio lililoitwa AMBITION, lililofanyika Botswana, Malawi, Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2022, liliuliza swali rahisi: je, dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, ikifuatiwa na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, haitoshi? Ilitosha. Vifo havikuzidi na madhara yalipungua. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake. Mwaka huohuo pia likatoa orodha yake ya kwanza kabisa ya fangasi hatari, aina 19, nne kati yao zikiwa kwenye kundi la hatari ya juu.

Mmoja wa hao wanne ni Kandida auris. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, kutoka kwenye sikio la mgonjwa huko Japani, na neno auris ni sikio kwa Kilatini. Ndani ya miaka michache alionekana mabara mengine, akisambaa ndani ya hospitali, akishinda dawa, na mashine za kawaida za maabara zikimpa jina la fangasi mwingine. Yaani hata aliyepimwa alipewa jibu lisilo sahihi, mpaka maabara zilipopata mitambo ya kutambua protini zake.

Usugu huo hauzaliwi hospitalini peke yake. Mashambani hupuliziwa dawa za ukungu za jamii ileile ya azoli, na Aspajilasi, fangasi wa hewani anayeingia mapafuni, anajifunza kuzishinda huko kabla hajakutana na mgonjwa. Kwenye ngozi, aina ya choa isiyosikia terbinafini imeenea kutoka India hadi nchi nyingi, na wataalamu wengi wanazihusisha zile tyubu za mchanganyiko na kuenea kwake. Niliposoma hilo nilikumbuka miezi yangu minane.

Kukwangua kulijibu kwamba fangasi yupo. Jina lake lilihitaji kuoteshwa. Sehemu ya ule unga iliwekwa kwenye kisahani cha chakula cha Sabouraud, kinachoitwa hivyo kwa heshima ya daktari Mfaransa Raymond Sabouraud: sukari nyingi na uchachu kidogo, ili bakteria wachoke na fangasi astawi. Halafu ni kusubiri, maana fangasi wa ngozi hana haraka, anaweza kuchukua wiki nne. Wakati nasubiri niliacha kupaka chochote, na mwasho ulirudi kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona. Usiku wa tatu nililala nimekalia mikono.

Wiki ya tatu nilirudi. Mtaalamu yuleyule alinionyesha kisahani: juu kimeota manyoya meupe kama pamba iliyochambuliwa. Akakigeuza. Chini kilikuwa chekundu, wekundu mzito wa damu iliyokauka. Akaandika kwenye karatasi yangu *Trichophyton rubrum*, akapiga mstari chini yake. Daktari alisoma, akaniandikia vidonge vya wiki chache, kisha akaniomba ile tyubu ya mchanganyiko niiache pale mezani.